Kiondo Kilichoibwa Nairobi

Mtu akiniambia kwamba Nairobi ni jiji la wezi, mimi humtazama mikono kwanza. Nataka kuona amerudi bila nini. Watoto wangu hunicheka kwa tabia hii, wanasema siwezi kusikiliza kisa cha mtu bila kumkagua kama askari wa getini. Wanicheke tu. Nililelewa na visa vya wezi kabla sijamwona mwizi hata mmoja, na najua jinsi vinavyotengenezwa kwa sababu kimoja nilisaidia kukitengeneza.

Nimeyakumbuka haya juzi, mvua ilipovujia sanduku langu la bati juu ya kabati. Nilipolifungua nianike vilivyomo, harufu ya mkonge uliolowa ikanipanda puani, na kabla sijakiona chenyewe nikajua ni kiondo cha Susu. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Ukambani. Ni kiondo kikubwa chenye mistari ya zambarau, na karibu na mdomo kuna mahali ambapo mstari mmoja unakatika, unaruka safu moja, kisha unaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kosa hilo ni langu. Nililifanya nikiwa na miaka saba hivi.

Susu alisokota nyuzi za mkonge pajani, miaka na miaka, hata paja lake moja likawa laini kuliko lingine. Siku hiyo aliniachia safu tatu za mwisho, nami nikachanganya nyuzi. Nilidhani angefumua. Alipitisha kidole juu ya kosa langu, akasema, "Liache, Wajina. Hata kikipotea tutakijua." Aliniita Wajina kwa kuwa nilipewa jina lake. Na kwa sababu hiyo hiyo baba yangu aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, na aliniheshimu kwa namna ya mzaha ambayo haikuwa mzaha mtupu.

Baba alifanya kazi Nairobi, huko Kawangware, akiunda masanduku ya bati ya watoto wa shule za bweni. Alikuja nyumbani Agosti na Krismasi. Agosti moja aliondoka na kiondo hicho kikiwa kimejaa mbaazi hadi mdomoni, akaahidi kukirudisha Krismasi kikiwa na blanketi la Susu na viatu vyangu. Nilisubiri viatu hivyo kwa miezi minne. Krismasi ilipofika Baba alishuka kwenye basi mikono mitupu, na mkono wa kushoto ulikuwa na kovu jipya lililotoka kwenye kidole gumba hadi karibu na kifundo.

Jioni hiyo jikoni kwa Susu tulielezwa. Alikuwa stesheni ya mabasi, alisema, kiondo begani, blanketi na viatu ndani. Mtu mmoja aliyevaa tai akamsalimu kwa Kikamba, akamtajia hata ukoo wake. Kumbe nyuma ya Baba kuna mwingine, na huyo wa nyuma anakata mkanda wa kiondo kwa wembe. Baba akashika, wembe ukapita mkononi. Aliuinua mkono kwenye mwanga wa moto tuuone. Mama yangu alilia. Mimi niliwachukia wezi hao kwa chuki ya mtoto aliyekosa viatu, chuki ambayo haina kifani. Susu yeye alisukuma kuni ndani ya moto.

Kufikia Mwaka Mpya kisa hicho kilikuwa kimevuka kilima, na wale wezi wawili walikuwa wamekuwa watano. Wala Baba hakuwa peke yake. Mutiso, mtu wa kilima chetu aliyefanya kazi pamoja na Baba, aliibiwa redio akiwa ameilalia. Mwingine aliibiwa koti mwilini. Kila mwanaume aliyerudi bila kitu alikuwa na mwizi wake, na sisi tuliobaki nyumbani, ambao hatujawahi kukanyaga Nairobi, tuliijua kwa wezi wake jinsi unavyomjua mtu kwa kilema chake.

Kisha mvua zikakataa mara mbili mfululizo. Ndio wakati ule wa mahindi ya manjano ya msaada, walioyala hawajayasahau, na ladha yake nitazikwa nayo. Ikaamuliwa niende kwa Baba, nipunguze midomo nyumbani. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mji wa wezi ndio uliokuwa na chakula.

Susu alinipa masharti. Usile cha mtu usiyejua ukoo wake, kuna dawa wanatia, utamfuata kama mbuzi. Anayekusalimu kwa Kikamba, mwogope zaidi. Usiache mtu achukue udongo uliokanyaga. Hili la mwisho hakuna Mkamba aliyehitaji kuelezwa: aliye na unyayo wako anaweza kukufunga usitoke ulipo, au akupeleke anakotaka. Nilipopanda basi nilikuwa nimeshika nguo yangu kwa mikono miwili, isije ikaibwa nikiwa ndani yake.

Baba alikuwa amepanga chumba cha udongo na mabati katika ploti ya mzee mmoja Mkikuyu, aliyefuga ng'ombe nyuma ya vyumba na hakuhangaika na wapangaji maadamu hawamsumbui ng'ombe. Vyumba vilitazamana, mfereji wa maji machafu ukipita katikati. Kidogo tu kutoka kwetu kulikuwa na mahali panaitwa Kongo, na kwa wiki nzima ya kwanza niliamini kwamba nikikosea njia ya kwenda bombani nitavuka mpaka nitoke Kenya.

Chumba kilichopakana na chetu kilikuwa cha Mama Nafula, mwanamke wa Kiluhya, mnene wa mikono, mwenye sauti iliyofika mahali kabla yake. Siku nilipofika alinipokea kwa mandazi mawili na chai. "Karibu mtoto wa Baba. Kula, umekonda kama njiti." Nilisema asante, nikasubiri ageuke, nikayaficha mandazi chini ya kitanda. Kesho yake akaleta mengine. Nikaficha. Baba alikuwa anatoka asubuhi na kurudi jioni, na mchana alikuwa amemwomba Mama Nafula anitazame, jambo lililonitia hofu zaidi, maana niliona Baba mwenyewe ameshatiwa dawa.

Nikaanza kumchunguza. Kwanza, alikuwa na mume, lakini mume huyo alilala mchana. Nilimsikia akikoroma ng'ambo ya ukuta wa udongo jua likiwa utosini, na jioni watu wakirudi, yeye ndiye aliyetoka, amevaa koti kubwa jeusi. Nilijiuliza mwenyewe, na kujijibu mwenyewe, ni kazi gani ya mtu anayelala mchana na kutoka giza likiingia. Kwamba dunia ina mabawabu wa usiku sikuwa nimeambiwa. Pili, Mama Nafula alitoka asubuhi na gunia la sukuma wiki kichwani kwenda kuuza kwenye majumba makubwa ya Lavington, na akarudi na vitu. Kikombe. Pazia. Nusu mkate. Nilichungulia mlangoni kwake nikaona vikombe sita, na hakuna viwili vilivyofanana. Nyumbani kwetu vikombe vilinunuliwa pamoja, vikavunjika kimoja kimoja. Vikombe sita visivyofanana vilimaanisha nyumba sita zilizoibiwa. Hesabu hiyo niliiona safi kabisa.

Tatu, na hili ndilo lililoniondolea usingizi, aliniita siku moja nikiwa pekupeku uani, akavunja njiti ya ufagio, akainama, akaiweka kando ya mguu wangu. Akaikata kwa kucha sawasawa na urefu wa unyayo wangu. "Simama wima, usicheze," alisema. Akaifunga njiti hiyo kwenye pindo la leso yake akaondoka zake. Hakuchukua udongo, alichukua unyayo wenyewe.

Nikakimbilia kibandani kwa Baba nimweleze. Palikuwa karibu na kituo cha matatu namba 56, mafundi wanne chini ya mabati, kelele za nyundo tupu, Mutiso wa redio akiwa mmoja wao. Nilisimama nikingoja Baba apumzike, na ndipo nilipoona mikono yao. Mutiso alikuwa na kovu. Yule wa pembeni alikuwa na makovu mawili. Wote wanne walikuwa na kovu lile lile la Baba, kidole gumba kuelekea kifundo. Moyo wangu ukawa mzito kwa huruma. Nilijua sasa kwamba wezi wa Nairobi walikuwa wamewamaliza mafundi wote wa masanduku, mmoja mmoja, na wembe ule ule. Mbele ya macho yangu Mutiso aliteleza na kipande cha bati, akanyonya damu kidoleni, akaendelea kugonga. Niliyaona hayo yote mawili kwa wakati mmoja na bado sikuyaunganisha. Baba aliponiuliza nimefuata nini, nilisema nimekuja kumsalimu.

Siku chache baadaye Mama Nafula alikuwa anafua nguo, mikono imejaa povu. "Ingia kwa nyumba uniletee kibiriti, iko kwa meza." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti chake. Kibiriti kilikuwepo. Na juu ya kitanda, kwenye msumari, kilikuwa kimening'inia kiondo chenye mistari ya zambarau. Nilipanda kitandani kwa mtu bila ruhusa, nikatafuta mdomoni. Mstari ulikatika, ukaruka safu moja, ukaendelea. Niliweka kidole juu yake kama Susu. Kilikuwa kitupu, na mkanda haukuwa umekatwa mahali popote, lakini mtu anayetafuta mwizi hatazami mkanda.

Sikumwambia Baba. Niliogopa kwamba akijua atakuja kukidai na yule mume wa koti jeusi atamkata mkono wa pili. Nilikaa na siri hiyo siku nne, nikimtazama Mama Nafula akicheka na watu bombani, na kila alipocheka nilimwona mwovu zaidi. Niliyala mandazi yake siku hizo, nakiri, kwa sababu njaa haina msimamo. Lakini niliyala nikimchukia.

Jumamosi mchana alitoka na kiondo chetu begani, hadharani kabisa. Nilimfuata hadi sokoni. Alizunguka kwenye vibanda, akatia kitu, akatia kingine, kiondo kikavimba. Nilifikiri anaenda kukiuza pamoja na vilivyomo, na kwamba kikishauzwa Susu hatakiona tena, na mimi ndiye nitakuwa nimekiona kikienda nikanyamaza. Hapo hasira ikanishinda. Nikapaza sauti yangu yote.

"Mwizi! Hiyo kiondo ni yetu! Mwizi!"

Mtu wa Nairobi anajua neno hilo linafanya nini mchana wa Jumamosi, mahali penye watu. Mimi sikujua. Nilidhani watu watamshika na kumpeleka kwa chifu. Soko zima liligeuka, kisha likatujia. Mtu alimvuta Mama Nafula kitambaa cha kichwa. Mwingine alimsukuma kwa nyuma akaanguka magoti. Nikamwona mwanaume mmoja, mtu wa kawaida tu mwenye shati safi, akiinama kuokota jiwe kwa utaratibu, akichagua.

"Wewe mama, umetoa wapi hii kiondo?"

"Mtoto hawezi danganya," mwanamke mmoja alisema.

Mama Nafula, mwenye ile sauti kubwa, hakupiga kelele. Alinitafuta kwa macho kati ya miguu ya watu, akanipata. "Ita baba yako," aliniambia taratibu. "Kimbia, mtoto. Ita baba yako." Nilishindwa kuelewa mwizi gani anayetaka mwenye mali aitwe. Nikabaki nimesimama pale pale.

Lakini kibanda hakikuwa mbali, na nyundo zilikuwa zimenyamaza. Baba alifika akihema, Mutiso nyuma yake. Alikuwa na nyundo mkononi, na watu wakampisha wakidhani amekuja kuanza kazi. Akaiweka nyundo chini mbele ya Mama Nafula.

"Hii kiondo ni ya nani?" aliuliza yule mwenye jiwe.

"Ni ya mama yangu," Baba alisema. "Na nilimpa huyu mama mimi mwenyewe. Hajaiba kitu. Mwacheni."

"Na mtoto yako anasema ni mwizi."

"Mtoto alidanganywa."

"Na nani?"

Baba alitazama kando, akamwona Mutiso, mtu wa kilima chetu, ambaye alisikia kisa cha wembe kwa masikio yake pale jikoni kwa Susu. Lolote atakalosema lingepanda basi na Mutiso lifike nyumbani. Na jiwe bado lilikuwa mkononi mwa mtu.

"Na mimi," Baba alisema. "Mimi ndio nilidanganya. Hakuna mwizi aliniibia."

Watu hawapendi kunyimwa mwizi. Walisimama kidogo, wakamtukana Baba, wakanitukana na mimi, kisha wakatawanyika na kwenda kuuliza bei ya nyanya. Yule mwenye jiwe alilirudisha chini akajifuta mkono kwenye suruali. Mama Nafula alibaki amekaa vumbini. Kiondo kilikuwa kimemwagika: majani ya chai, chumvi, kipande kirefu cha sabuni, na pakiti ya sukari iliyopasuka. Alikuwa anakusanya sukari iliyo juu, ile ambayo haijagusa udongo. Kisha akavuta kutoka ndani kabisa ya kiondo viatu vya raba vya bluu, vikuukuu, vilivyooshwa vikawa safi. Ndani ya kimoja kulikuwa na njiti ya ufagio.

"Nilikuombea kwa madam mmoja wa Lavington," aliniambia. "Jaribu kama inatosha."

Nilijaribu pale pale, kwa sababu sikujua la kufanya nisipotii. Vilinitosha. Nililia kwa aibu mpaka nikatapika, na ni yeye aliyenifuta mdomo.

Jioni hiyo Baba alinieleza, akiniita Mwaitu katika kila sentensi. Bati lilimkata mkono mwezi wa Septemba, jeraha likaoza, na kwa miezi mitatu hakuweza kushika nyundo. Alichokuwa nacho chumbani ni mbaazi za Susu tu. Akazipeleka kwa Mama Nafula, kiondo na vyote, apikiwe. Mbaazi ziliisha kwa wiki chache. Mama Nafula hakuacha kupika, na kila asubuhi kabla ya kwenda Lavington alimwosha jeraha kwa maji ya chumvi. Krismasi ilipokaribia, Baba hakuweza kudai kiondo, yeye aliyelishwa miezi mitatu. Na Mama Nafula hakuweza kukirudisha, maana chombo kilicholetwa na chakula hakirudishwi kitupu, na mwaka ule hakuwa na kitu cha kutia ndani. Kila mmoja alimwonea mwenzake haya, kiondo kikabaki msumarini. Alikuwa amengoja mwaka mzima apate cha kukijaza, na alipopata, nikamwitia mawe.

"Kwa nini hukusema ulikuwa mgonjwa?" nilimuuliza.

"Ningesema nini, Mwaitu? Kwamba mtu mzima na ndevu zake amelishwa na mke wa mtu? Mama yako angeuliza alinilisha na nini kingine." Akaukunja ule mkono wenye kovu. "Nairobi hata ukiisema vibaya, haina mtu wa kuja kukuuliza."

Mutiso alipita baadaye, akasimama mlangoni akigeuzageuza kofia yake. "Mambo ya leo yakae huku," alisema.

"Na redio yako?" Baba akamuuliza.

Mutiso alicheka kidogo. "Hiyo redio sikuwahi kununua."

Jumapili iliyofuata Mama Nafula alinichukua kwenda kwa dada yake Kibera, nadhani ili plotini wasipate nafasi ya kuninyooshea vidole. Dada yake aliponiuliza naishi wapi nikasema Kawangware, alishika kifua. "Na vile huko kumejaa wezi, mnalala aje?" Mama Nafula alicheka njia nzima tukirudi, kwa sababu Kawangware kila shati lililopotea kwenye kamba ilisemekana limekwenda Kibera. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Mtu aliyeharibikiwa Mombasa husema ni majini, ni bahari, na watu wakamhurumia bila kumlaumu mtu. Mji wa bara hauna bahari ya kusingizia, una watu tu. Wezi walikuwepo Nairobi, sisemi hawakuwepo, na mimi mwenyewe nimeshaibiwa humu mara mbili. Lakini kwa kila mwizi wa kweli kulikuwa na wanaume kumi kama baba yangu, wanaorudi nyumbani mikono mitupu, wanaohitaji mwizi ili waingie mlangoni wakiwa wima.

Desemba tulikwenda nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha hatimaye, mashamba yalikuwa kijani lakini hayajatoa cha kula. Mama Nafula alikuwa amekijaza kiondo upya, na sukari nyingine juu. Nilishuka kwenye basi na viatu vya bluu miguuni, Baba na kiondo begani, na kilima kizima kikaja jikoni kwa Susu kuuliza imekuwaje. Niliketi nikingoja Baba aseme. Ukweli alishausema mbele ya soko zima, nilidhani hapa utakuwa rahisi.

"Nilimkamata," Baba alisema. "Yule mwizi. Nilimkuta sokoni na kiondo begani, watu wakataka kumpiga mawe, mimi nikawazuia."

Mutiso, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, alikubali kwa kichwa. Watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja akanigeukia. "Na wewe, umewaona hao wezi? Ni wengi kama tunavyosikia?"

Baba alinitazama. Sijawahi kuona macho ya mtu mzima yakiomba vile, na yalikuwa yananiomba mimi, mtoto, mwenye jina la mama yake. Nilitazama viatu vyangu. Nikamwona Mama Nafula amekaa vumbini, na bado nikafungua mdomo.

"Ni wengi," nilisema.

Asubuhi yake watu wakiwa shambani, Susu alikaa na kiondo mapajani, akatoa kitu kimoja kimoja. Chumvi. Majani ya chai. Sabuni. Sukari aliionja kwa ncha ya kidole. Kilipokuwa kitupu akaupapasa mkanda toka mwanzo hadi mwisho, mkanda ule ule alioushona mwenyewe, mzima. Kisha akatafuta kosa langu, akaweka kidole juu yake.

"Wajina," alisema, "ni mwizi gani anayejaza kiondo?"

Machozi yalinitoka tu. Hakuniuliza tena. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mbegu za mbaazi, kile alichokificha wakati wote wa njaa akatukataza tusizile hata tulipokula mizizi. Nusu zilikuwa zimepandwa. Zilizobaki alizimimina zote ndani ya kiondo, akapiga kibuyu kwenye kitako punje ya mwisho itoke.

"Mpelekee huyo mwizi wetu," alisema. "Na baba yako usimwambie kwamba najua. Mwache na wezi wake. Bila wao asingeweza kurudi nyumbani."